Kumtumaini Mungu Ukiwa Wodini na Mtoto

Mzazi akiambiwa mtoto wake ana saratani, dokta huendelea kuongea na mzazi hasikii tena hata sentensi moja. Mwongozo huu ni wa mzazi Mkristo aliyetoka kwenye chumba hicho leo au juzi, na wa ndugu waliomsindikiza. Nimechagua saratani ya watoto kwa sababu matibabu yake ni marefu, yana vituo vingi vya kukatisha tamaa, na yana kituo kimoja ambapo imani ikieleweka vibaya humdhuru mtoto kuliko hofu. Anayemuuguza mama mwenye figo au mume aliyepooza ataokota humu yanayomfaa.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana mengine yote yanasimama juu yake. Mungu ni mwaminifu, lakini hajakuahidi majibu ya kipimo. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, wakiwa mbele ya tanuru, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Walisema hayo wakiwa hawajui mwisho wake. Sisi tunaisoma habari hiyo tukijua walitoka bila hata kunukia moshi, ndiyo maana kile kipande cha katikati tunakiruka. Wodini usikiruke. Mtu asiyemwekea Mungu masharti ya majibu hana sababu ya kuukimbia ukweli, na mgonjwa wako anahitaji mzazi anayeweza kuukabili ukweli wote.

Rudi kwa dokta ukaulize

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya imani ni kurudi kwenye chumba kile. Nenda na mtu wa pili, shangazi au mzee wa kanisa mwenye kichwa kilichotulia, na daftari la kurasa nyingi. Uliza ugonjwa unaitwaje kwa jina lake kamili, na umefika hatua gani. Uliza dawa ni mizunguko mingapi na itachukua muda gani. Saratani ya damu ya aina inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, wakati uvimbe wa Burkitt huchukua miezi michache tu, na maisha ya nyumbani hayapangwi sawa kwa hayo mawili. Uliza wazi: lengo ni kumponya, au ni kumpunguzia maumivu? Kisha uliza ni dalili zipi ukiziona usisubiri kukuche. Jibu mojawapo ni homa. Mtoto aliye kwenye kemo akifika nyuzi 38, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku na bodaboda anataka bei ya usiku. Dawa zimeshusha chembe nyeupe za damu, na maambukizi ambayo mtoto mwingine angeyashinda kwa siku mbili yanaweza kumuua huyu kabla ya mchana. Nunua kipimajoto. Omba ukiwa njiani.

Wapo watakaokuambia kwamba maswali haya ni ukosefu wa imani. Waambie wasome habari za Hezekia. Mfalme yule alipewa na nabii Isaya ahadi ya wazi kabisa, miaka 15 zaidi ya kuishi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Aliyekuwa na neno la Mungu mkononi alibandikwa dawa. Paulo alisafiri na Luka, tabibu, na akamshauri Timotheo namna ya kutuliza tumbo lake. Na kanisa hapa Tanzania limejenga hospitali: Haydom na KCMC ni za Walutheri na washirika wao, Bugando ni ya maaskofu Katoliki. Ukiingia humo kutafuta tiba hujatoka nje ya imani.

Au chukua ugonjwa wenyewe. Uvimbe wa taya unaowapata watoto wengi wa maeneo yenye malaria kali, ukiwemo ukanda wa Ziwa Victoria, huanza na meno kulegea, na wazazi huhangaika kwanza kwa daktari wa meno. Unaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika kuuhusu mwaka 1958. Burkitt alikuwa mcha Mungu, mtu mwenye jicho moja zima tangu ajali ya utotoni. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, mmoja wao mmisionari, walichukua gari kuukuu la Ford wakaendesha takriban kilomita 16,000 hospitali hadi hospitali, Uganda hadi Afrika Kusini, wakionyesha picha na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ramani waliyoichora ilionyesha ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo, na utafiti wa sababu zake ukaanzia hapo. Leo mtoto wa Sengerema anapotundikiwa dripu, safari ile ni sehemu ya majibu ya maombi ambayo mama yake hakuwa amezaliwa kuyaomba.

Uvimbe ukipotea, usirudi nyumbani

Hiki ndicho kituo nilichokitaja mwanzo. Watu hudhani imani hujaribiwa mtoto anapozidiwa. Kwa saratani za watoto, kituo cha hatari mara nyingi ni pale anapopata nafuu.

Uvimbe wa Burkitt husikia dawa haraka. Taya iliyokuwa imevimba kiasi cha kufunga jicho inaweza kupungua ndani ya siku chache tu baada ya mzunguko wa kwanza. Mtoto anaanza kula, anakimbia kwenye korido, anadai simu. Baba anaangalia shamba lililoachwa, mama anawaza waliobaki kwa bibi, na mtu kwenye kikundi cha WhatsApp anaandika: Bwana ametenda, amepona. Wanaaga. Wanatoa ushuhuda Jumapili. Seli zilizobaki haziwezi kuonekana kwa macho, na baada ya muda zinarudi, safari hii zikiwa zimezoea dawa.

Kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Kwenye nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kufikisha angalau 60 ifikapo 2030, na miongoni mwa mambo linayoyataja kuwa yanasababisha pengo hilo ni wagonjwa kuchelewa kufika, dawa kukosekana, na wazazi kuacha matibabu katikati. Hilo la mwisho liko mikononi mwetu kuliko mengine.

Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipopanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu. Simhukumu aliyepanda, aliyeuguza anajua kwa nini mtu hupanda. Lakini wako waliorudi wakaacha dawa zao. Kwa hiyo weka kanuni hii na uitangaze kwa ukoo mapema, kabla ya nafuu kuja: dawa itaachwa siku dokta aliyeianzisha atakapoandika kwamba imekwisha. Kama Mungu amemponya kwa njia nyingine, kipimo kitaonyesha, wala muujiza haudhuriki kwa kupimwa. Wakoma kumi wa Luka 17 walitumwa kwa makuhani wakakaguliwe.

Dawa za mitishamba nazo zitaletwa, mara nyingi na mtu umpendaye. Zipokee kwa adabu na usimpe mtoto. Ini lake lina kazi ya kutosha.

Namna ya kuomba ukiwa umechoka

Usiku wa wodini hauruhusu maombi marefu, na wengi hujilaumu kwa hilo. Omba kitu kimoja chenye jina. Leo chembe sahani zipande. Leo dawa isikosekane dukani. Leo asitapike uji. Mana ya jangwani ilishuka ya siku moja, na aliyeweka akiba ya kesho aliikuta ina mabuu. Mzazi anayejaribu kuombea miaka mitatu kwa usiku mmoja hujikuta hivyohivyo. Andika ombi la siku kwenye daftari lilelile la dozi, na kesho yake andika kilichotokea, hata kama ni hapana. Baada ya wiki kadhaa utakuwa na kumbukumbu isiyodanganya upande wowote: pasipojibiwa hutapasahau, na palipojibiwa hutaweza kujifanya hukupaona.

Ukikosa maneno, una Zaburi. Ya 13 inamuuliza Mungu atasahau mpaka lini. Ya 88 inaishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kufariji mwishoni, na waliokusanya Biblia waliiacha humo. Maneno mashuhuri kuhusu rehema zinazorudi upya kila asubuhi yamo katika Maombolezo sura ya 3, yaliyoandikwa Yerusalemu ukiwa umebomolewa, na yametanguliwa na aya nyingi za mtu anayemlalamikia Mungu waziwazi. Soma sura nzima. Kuchomoa aya tatu za katikati na kuzibandika ukutani ni kumnyima mgonjwa dawa iliyobaki.

Na yule baba wa Marko 9 aliyeleta mtoto mwenye kifafa, akakiri kwa Yesu palepale kwamba anaamini na haamini? Mtoto wake alipona. Yesu hakumwambia akajazie imani kwanza.

Usifunge kavu ukiwa unauguza. Mama anayelala kwenye kiti na kuamka kila saa kuangalia dripu anahitaji chakula na maji. Waachie walio nyumbani wafunge kwa niaba yako. Mtoto mgonjwa asifungishwe kamwe.

Mtoto anakuangalia

Kuna dawa moja hupigwa polepole kwenye mshipa, na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Nesi atakuja na glavu, atavuta kidogo aone kama damu inarudi kwenye kanula, kisha atasukuma huku akitazama ngozi. Mtoto ataurudisha mkono. Hapo ndipo wazazi wengi husema haiumi. Inauma, na yeye anajua. Mwambie: itauma kidogo, nitakushika, ukiona inawaka sema upesi. Akisema inawaka, mwambie nesi asimame papo hapo. Usimnyamazishe kwa aibu. Ukitaka kuimba, imba taratibu wimbo anaoupenda wa shule ya Jumapili. Mtoto aliyedanganywa kuhusu sindano ataanza kuyatilia shaka na mengine unayomwambia, yakiwemo ya Mungu.

Anaweza kukuuliza kama Mungu amemkasirikia. Jibu fupi: hapana. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani alikosa, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Akiuliza kama atakufa, usiruke kwenye mada nyingine. Muulize nani kamwambia, na anaogopa nini hasa. Mara nyingi anaogopa kuachwa peke yake usiku, na hilo unaweza kulijibu.

Ndugu zake walioachwa nyumbani nao wana maswali, na hakuna anayewauliza. Wapigie simu wao, mmoja mmoja.

Wageni, ukoo na kanisa

Watu watakuja kumjulia hali mgonjwa, na hiyo ni neema, ingawa wakati mwingine ni neema yenye kelele. Chagua msemaji mmoja wa familia atakayepeleka habari kwenye kikundi cha WhatsApp, ili wewe usisimulie ugonjwa mara kumi kwa siku. Mtu akikuuliza nisaidie nini, usiseme tuombee tu. Maombi atafanya; mpe na kazi. Mama Elia akae na watoto wiki hii. Kijana fulani alishe kuku. Jumuiya ichange nauli ya baba Ijumaa. Kwaya ilete watu wa kuchangia damu, maana wodi ya saratani hunywa damu kila siku na ndugu huombwa mbadala.

Anayetaka kuwekea mikono anawe mikono kwanza, kwa sabuni. Mwenye mafua aombee akiwa nje. Mafuta yapakwe kwenye paji la uso, yasisogee karibu na kanula, na maji ya upako yasinywewe na mtoto asiye na kinga. Ya kunywa yachemshwe. Mchungaji mwenye busara hataona ajabu. Anayeona ajabu, mzee wa kanisa amweleze kwa upole koridoni, si wewe.

Kisha kuna wanaokuja na maelezo. Upande wa baba watasema ni wa upande wa mama. Jirani atataja jina la mtu. Nabii wa mjini atataka sadaka ya ukombozi ili akufunulie aliyefanya. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Baba wa mtoto, hapa ndipo pa kusimama: sema mbele ya ndugu zako, mara moja na kwa sauti, kwamba ugonjwa huu una jina la hospitali na kwamba mkeo hatasemwa tena. Nimeona ndoa zikivunjika kwa ukimya wa wanaume kuliko kwa ugonjwa wenyewe.

Msitegemee pia kuamini kwa namna moja. Mmoja atataka kuomba kwa sauti kila jioni, mwingine atanyamaza na kuosha vyombo. Msipimane.

Fedha nitazigusa kwa ufupi. Pale Muhimbili watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, na wazazi wengi wa mikoani hawajui hilo, hivyo huuza ng'ombe kabla ya kuuliza. Popote ulipo, ofisi ya kwanza kuitafuta ni ya afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Kupokea msaada hakukupunguzii heshima. Eliya alilishwa na kunguru, na baadaye na mjane.

Dokta akisema dawa zimefika mwisho

Siku nyingine neno hilo huja. Uliza tena, andika tena, na kama hospitali nyingine kubwa inaweza kutoa maoni ya pili, omba rufaa. Ikithibitika, kuna huduma inayoitwa tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kuondoa maumivu na kumkalisha mtoto vizuri pamoja na watu wake. Hospitali ya saratani ya Ocean Road wanayo, na hospitali kadhaa za kanisa wanayo. Mofini ya maji ikitolewa na waliofunzwa haimwui mtoto wala haimfanyi mlevi; inamwezesha kulala na kuongea. Mzazi anayeikataa akingoja muujiza anamwacha mtoto alipie kungoja huko kwa maumivu. Endelea kuomba apone, kama moyo wako unaomba hivyo, na umpe dawa kwa saa yake.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa. Alipewa kitu kingine, nacho kilimtosha. Sitakuambia kitakachokutosha wewe ni nini. Wazazi niliowasikia wakisimulia walitaja mambo madogo: mtoto kuomba maembe na kuyapata yakiwa si msimu, nesi aliyebaki baada ya zamu yake kwisha. Wao huyahesabu hayo kuwa ni Mungu, na sioni mwenye haki ya kuwapinga.

Ukipata ushuhuda

Na wengi wanapona. Kliniki za ufuatiliaji zitaendelea kwa miaka. Zihudhurie zote, hata akiwa anacheza mpira. Ukisimama kanisani kushukuru, taja watu: nesi wa zamu ya usiku, waliochangia damu, dereva aliyekubali kulipwa mwezi ukiisha. Sentensi moja iache, ile ya kwamba tuliamini ndiyo maana akapona. Kwenye ibada hiyohiyo anaweza kuwepo mama aliyekuwa kitanda cha jirani, aliyeamini kama wewe na akarudi nyumbani mikono mitupu.

Baada ya hapo mwombe mchungaji nafasi ya tangazo la kuchangia damu. Watu wa Damu Salama huja kanisani wakialikwa mapema kwa barua, na Jumapili moja baada ya ibada inatosha. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe amekula. Wanaume huweza kurudia kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4.